Kisiwa Kisicho na Watu, Ambacho Bila Watu Kingetoweka

Ukisikia neno "hifadhi", unawaza nini? Wengi wetu tunawaza mahali ambapo binadamu ameambiwa akae mbali: usikate mti, usiguse kitu. Leo nawaletea hifadhi ambayo watu huingia na misumeno kukata matawi ya miti, na wasipofanya hivyo kisiwa chenyewe kitazidi kuliwa na maji.

Kinaitwa Chiswick Eyot (tamka "eit"), na kipo ndani ya mto Thames, magharibi mwa London. Ukubwa wake ni kama hekta 1.3 tu, yaani hata viwanja viwili vya mpira havitimii. Hakuna nyumba wala daraja. Maji yakipwa, unaweza kuvuka kwa miguu kutoka ukingo wa Chiswick. Yakijaa, njia inafunikwa, na wakati wa bamvua sehemu ya kisiwa nayo inazama.

Ngoja kwanza: mto nao unajaa na kupwa? Ndiyo. Bahari ya Kaskazini inapojaa, huusukuma mto Thames urudi nyuma hadi Teddington, mbele zaidi ya Chiswick, ambako kuna kizuizi cha maji. Lakini chumvi yenyewe haifiki mbali hivyo. Maji yanayopanda na kushuka Chiswick ni ya mto, yaliyozuiwa yasitoke.

Sasa fikiria hali ya kisiwa cha matope mahali kama hapo. Kila siku mkondo unakipiga kwa upande mmoja, halafu unageuka na kukipiga kwa upande wa pili. Maji yakishuka haraka, ukingo unabaki umelowa na mzito, na yale maji yaliyokuwa yakiuegemeza kwa nje yameshaondoka. Basi unaporomoka.

Juu ya hayo kuna mgeni kutoka Asia ya Mashariki: kaa wa Kichina mwenye manyoya kwenye magando. Alionekana kwenye mto Thames kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Kaa huyu huzaliana kwenye maji ya chumvi, lakini sehemu kubwa ya maisha yake huishi mtoni, na huchimba mashimo kwenye kingo za matope. Mashimo yakizidi, ukingo unakuwa kama mkate wenye matundu.

Kinachoshikilia udongo ni mierebi. Zamani miti hii ilipandwa kisiwani kwa ajili ya biashara: fito zake ndefu na laini zilisukiwa vikapu vya kubebea matunda na mboga. Fito zilikatwa, mti ukachipua nyingine, zikakatwa tena. Katika karne ya 20 biashara hiyo ikafa, lakini kazi ya kukata haikuisha. Siku hizi hufanywa na watu wa kujitolea, kwa sababu tofauti kabisa.

Kwani kukata mti kunaulindaje udongo? Mwerebi ukiachwa urefuke, upepo ukiusukuma kileleni nguvu yote inashuka kwenye mizizi, kama unavyong'oa msumari kwa nyundo ya mpini mrefu. Juu ya tope laini, mti unaanguka na bonge la udongo, na maji yanaingia kupitia pengo hilo. Kivuli kizito nacho huzuia majani mengine kuota chini yake, tope likabaki wazi. Ukiupogoa, uzito wa juu unapungua, mizizi inabaki hai na kuendelea kulishika tope, kama mikoko inavyofanya pwani. Fito zilizokatwa nazo zinaweza kufungwa mafungu na kuwekwa kwenye ukingo. Hapo mkondo unapungua kasi, na tope lililokuwa linapita linatua.

Kwa hiyo mandhari hii inayoonekana ya porini imetengenezwa kwa sehemu na mikono ya wasuka vikapu. Kuna hifadhi ambazo zinahitaji kweli watu wakae mbali. Lakini kabla ya kusema "tuiache asili yenyewe", inafaa tuulize kwanza: mahali hapa pamefikaje hapa palipo, na ni kazi ya nani iliyopashikilia mpaka leo? Kwa Chiswick Eyot, jibu ni mizizi, na mtu mwenye msumeno.