Kalunguyeye Hana Hatia ya Ndigana

Ng'ombe wa gredi akifa kwa ndigana, mwenyewe hutafuta mkosaji. Huku kwetu Kakamega mashamba ni madogo na vichaka vi karibu na mazizi, kwa hiyo ni rahisi mtu kumlaumu mnyama wa porini. Akimwona kalunguyeye amepita usiku, naye ana kupe mwilini, humwua, akadhani ameondoa maradhi. Kumbe maradhi yamebaki malishoni.

Ni kweli kwamba kalunguyeye hubeba kupe, kwani hawezi kujisafisha vema katikati ya miiba yake. Lakini kubeba kupe si kubeba ndigana.

Kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia, hula mara tatu tu maishani mwake: angali mchanga mwenye miguu 6, kisha akiwa kijana mwenye miguu 8, na tena akiwa mzima. Kila mara hushiba, huanguka majanini, akajibadilisha, kisha hungojea mnyama mwingine. Akinyonya ng'ombe mgonjwa, huchukua vidudu vya ndigana, na katika mlo unaofuata huvitia katika ng'ombe mzima. Charles Lounsbury wa Afrika Kusini alithibitisha kazi hii ya kupe mwanzoni mwa miaka ya 1900.

Vidudu hivyo havipiti katika mayai ya kupe. Tena, kupe mwenye vidudu akimnyonya mnyama asiyepatwa na ndigana, kama kalunguyeye, vidudu hupotea bure, na mlo wake unaofuata hauna madhara. Mnyama wa porini ajulikanaye kuvihifadhi bila kuugua ni nyati.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tuogeshe ng'ombe kwa siku zilizopangwa, na dawa ichanganywe kwa kipimo kamili, kwani dawa hafifu huwazoesha kupe. Kupe akisha kushika, vidudu huchukua siku kadhaa kukomaa. Kwa hiyo atolewaye mapema hana nafasi ya kudhuru. Pili, tujenge ua, ng'ombe wetu wasichanganyike na wageni. Tatu, tuulize habari za chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga. Na tukiona tezi zimevimba chini ya sikio, mwili una joto, na ng'ombe anapumua kwa shida, tumwite daktari wa mifugo siku ile ile, maana dawa hufaa ikiwahi.

Hata hivyo, watoto wasimchezee kalunguyeye kwa mikono mitupu. Wako kupe wengine wawezao kumpa mtu homa, nao hupenda kupanda juu ya mbwa wa nyumbani. Mwacheni apite, chakula chake ni wadudu, nao wamo tele shambani.

Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mfugaji atakaye kumjua adui yake, na afunue sikio la ng'ombe wake mwenyewe.