Tiba Inayoanza kwa Kumuuliza Mgonjwa

Mwaka 1984, watafiti wa Marekani Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani, daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Waliofanikiwa kumaliza kueleza kilichowaleta hawakufika hata robo.

Katika huduma za utengamao, kutomsikiliza mgonjwa huharibu tiba yenyewe. Kiharusi huua seli za ubongo, na zilizokufa hazirudi. Hata hivyo, sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza upya baadhi ya kazi zilizopotea, na hujifunza kwa kurudiarudia tendo lenyewe. Anayejizoeza kushika kikombe huwa hodari wa kushika kikombe. Vifungo vya shati vinaweza kuendelea kumshinda. Basi mtaalamu atachaguaje zoezi kabla ya kujua mgonjwa anataka kufanya nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa tiba kwa vitendo nchini Kanada walitoa kipimo kinachoanzia hapo. Mgonjwa hutaja shughuli zinazomshinda, huzipa alama za umuhimu kuanzia 1 hadi 10, kisha huchagua zisizozidi tano. Kwa kila moja husema anaimudu kiasi gani na anaridhika kiasi gani. Baada ya muda wa tiba huulizwa tena, na nafuu hupimwa kwa alama zake mwenyewe.

Tuseme mama mmoja aliyelegea mkono wa kulia anataka arudi kukuna nazi. Lazima ajishushe juu ya mbuzi bila kuanguka, ainame mbele bila kuyumba, akamate kizio kwa nguvu, kisha akizungushe kwenye meno ya chuma huku akikikandamiza. Humo mna mazoezi ya mapaja, kiwiliwili, vidole na kifundo cha mkono. Tena atayaendeleza nyumbani, kwa kuwa ni kazi aliyoitamani mwenyewe.

Ambaye kiharusi kimemfunga ulimi aonyeshwe picha, apewe muda, ajibu kwa kidole au kwa kutikisa kichwa. Ndugu aliyemleta asaidie kueleza, ila asimjibie.

Kuuliza hivi hakuhitaji mashine wala umeme. Hata zahanati ya kijijini inaweza. Jibu la mgonjwa liandikwe mwanzoni mwa faili lake, maana mazoezi yote yanayofuata yanalitegemea.