Kabla Hujaenda Kutibu Mbwa wa Mitaani Ughaibuni

Mwaka 2015 Mission Rabies, mradi wa shirika la hisani la Uingereza liitwalo Worldwide Veterinary Service, ulianza kampeni ya chanjo jijini Blantyre, Malawi. Kwa siku 20 mbwa zaidi ya 35,000 walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Wataalamu wa Malawi walifanya kazi hiyo bega kwa bega na watu waliojitolea kutoka nje. Jiji hilo halikuchaguliwa kwa kubahatisha. Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ya jijini humo ilikuwa imepoteza watoto wengi mno kwa ugonjwa huo.

Wanafunzi wa udaktari wa mifugo huniuliza mara kwa mara namna ya kupata nafasi za kujitolea kama hizo, na hata watu wasio na taaluma yetu huuliza. Wengi tayari wana picha kichwani: mbwa aliyegongwa na gari, meza ya upasuaji, kisha mgonjwa aliyepona akimlamba daktari mkono. Mambo hayo yapo. Ila ukipima kwa idadi ya roho zinazookolewa, za watu na za wanyama, kazi kubwa ni ile inayochosha na isiyopendeza kwenye picha: kuchanja, kutia alama, kuhesabu, na kesho kurudi mtaa uleule.

Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, kupona ni jambo lisilotarajiwa. Hata hivyo virusi hivi vina udhaifu wao: mbwa mgonjwa huwaambukiza wenzake wachache tu kabla hajafa. Ndiyo maana wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani, ugonjwa hukosa pa kupitia. Kuifikia asilimia hiyo ni shughuli, na kuilinda ni shughuli zaidi, maana mbwa wa mitaani hufa mapema na kuzaliana upesi. Mtaa uliochanjwa vizuri mwaka huu, mwakani umejaa mbwa wadogo wasio na kinga. Kampeni ya mara moja, hata iwe na mbwembwe za namna gani, haiachi kitu cha kudumu.

(Wapo wanaoshauri mbwa wauawe tu, yaishe. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilijaribu baada ya ugonjwa kuingia mwaka 1997. Mbwa waliuawa kwa malaki, na ugonjwa ukabaki.)

Blantyre mbwa wengi wana wenyewe, kwa hiyo mwishoni mwa wiki watu waliwaleta kwenye vituo vya chanjo, kisha timu zikapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliosalia. Jimbo la Goa, India, ambako mradi huohuo pia umefanya kazi, ni habari nyingine. Huko mbwa wengi hawashikiki kwa mkono, hivyo timu hutembea na nyavu zenye mpini mrefu. Mshika wavu mzoefu hamkimbizi mbwa. Humsogelea kwa ubavu bila kumkazia macho, anamfunika, kisha anazungusha mpini mpaka mdomo wa wavu ujifunge. Mwenzake anachoma sindano chini ya ngozi kupitia matundu ya wavu, mwingine anampaka rangi kichwani, na wavu unafunguliwa ukielekezwa pasipo na watu. Mbwa anatimka. Kufikia hapo, mahali alipokamatwa, jinsia yake na umri wake vimeshaingizwa kwenye simu. Baadaye watu wengine hupita mitaa hiyohiyo wakihesabu mbwa wenye rangi na wasio nayo, na palipopungua timu inarudishwa. Mpango huo, uliofuatiliwa kuanzia 2013 hadi 2019, ulifikia kuchanja mbwa zaidi ya 95,000. Visa vya mbwa kwa mwezi vilishuka kwa asilimia 92, na vifo vya watu vikakoma.

Katika kazi yote hiyo, asiye daktari ana nafasi nyingi: kushika simu, kupaka rangi, kuhesabu, kwenda shuleni kuwafundisha watoto namna ya kumkwepa mbwa mkali.

Upasuaji wa kufunga kizazi nao una faida, lakini hapo ndipo wageni wanapoharibu. Mbwa wa mtaani akishafanyiwa upasuaji hurudishwa pale alipokamatwa, na kwa kawaida sheria ya India inaagiza hivyo. Hana mtu wa kumvisha kola ya kuzuia kulamba kidonda, wala wa kumrudisha kliniki atolewe nyuzi. Kwa sababu hiyo mkato unatakiwa uwe mdogo, mshono ufichwe ndani kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, na mkono unaokata uwe mwepesi. Hapo si mahali pa mwanafunzi kujifunzia bila msimamizi aliyebobea. Kosa ambalo kwenye kliniki ya kwao lingerekebishwa kesho yake, huku linaoza mtaroni.

Kuna pia suala la leseni. Shahada ya kwenu haikupi ruhusa ya kutibu katika nchi ya watu. Baraza la madaktari wa mifugo la nchi husika ndilo linaloidhinisha. Mgeni anayekuja kwetu naye anapaswa kupita kwa baraza letu. Shirika likikwambia hayo ni mambo madogo, liogope. Liulize pia lina madaktari wangapi wenyeji wanaolipwa mwaka mzima, na wewe ukishaondoka nani atachanja mwakani. Mashirika mengi hutoza ada ya ushiriki, na nauli ni juu yako. Una haki ya kujua fedha hiyo inakwenda wapi.

Mwisho, jichanje wewe kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili za kinga ya awali, ya pili siku ya saba baada ya ya kwanza, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Na ukiumwa na mbwa, hata kama umechanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate dozi za nyongeza.