Pengo la Masomo Katika Barua ya Maombi

Mwalimu mkuu apokeapo fomu ya kijana wa delta ya Rufiji, na jicho lake likatua juu ya miaka miwili isiyo na jina la shule, hapo ndipo dhana huingia. Kwani palipo kimya msomaji hujaza la kwake, nalo aghalabu huwa baya kuliko hakika yenyewe.

Na hakika ya huku ina sura nyingi. Yuko aliyehama na wazazi wake msimu wa mpunga, akakaa miezi dunguni akiamia ndege na kufukuza nguruwe. Yuko aliyekatizwa na maji ya Aprili 2024, mto ulipofurika Rufiji na Kibiti. Yuko binti aliyejifungua, ambaye mlango uliofungwa mbele yake ulifunguliwa tena Novemba 2021, Serikali iliporuhusu waliokatiza masomo warejee. Na wako, tusifichane, walioitwa na kaa na kamba, yaani fedha ya siku ile ile.

Nilipata kusoma barua ya kijana mmoja iliyosema tu kwamba aliacha shule "kwa matatizo ya kifamilia". Sarufi yake haikuwa na kasoro, lakini ni nani asiye na matatizo ya kifamilia? Baada ya kumsaili kwa muda, tuliandika hivi: "Aprili 2024, nikiwa kidato cha pili, mafuriko yaliharibu shamba letu, nikavua kaa pamoja na baba hadi Desemba 2025. Barua ya mtendaji wa kijiji nimeiambatisha." Mwezi umo, sababu imo, ushahidi umo, kilio hakimo, wala hakikuhitajiwa.

Binti naye hadaiwi zaidi ya kusema kwamba alikatiza masomo kwa sababu ya uzazi. Jina la baba wa mtoto na maneno ya majirani si ya fomu.

Asiyepata nafasi katika shule za kawaida anayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, na anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT.

Kijana yule aliifunga barua yake ndani ya plastiki mara mbili kabla ya kupanda mtumbwi, wino wa muhuri usije ukachujuka njiani.