Saratani Itoke, Kizazi Kibaki

Kwa miongo mingi madaktari walikuwa na jibu moja kwa mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyowahiwa: kizazi kitolewe. Ernst Wertheim aliufanya upasuaji wake mpana mjini Vienna mwaka 1898, na waliomfuata wakaurithi. Mama wa watoto sita na binti ambaye hajaolewa walitibiwa sawasawa.

Daktari mmoja Mfaransa, Daniel Dargent wa Lyon, aliona kuna jambo halikai sawa. Saratani hii huanzia mlangoni. Kama bado ni ndogo na haijasambaa, mfuko wa uzazi una kosa gani? Mwaka 1987 alianza kukata mlango wa kizazi peke yake, akipitia ukeni, na kuuacha mfuko mahali pake. Zilipopita tafiti na miaka ya kutosha, wenzake wakaanza kumwelewa.

Ugumu wa upasuaji huu hauko kwenye kisu tu. Kwanza hutolewa tezi za limfu za kwenye nyonga na kupimwa. Zikikutwa na saratani, habari ya kuokoa kizazi inaishia hapo, na mgonjwa huelekezwa kwenye mionzi na dawa. Zikiwa safi, daktari hukata mlango, tishu za pembeni yake na sehemu ndogo ya juu ya uke. Kipande hicho kinaweza kukimbizwa maabara papo hapo, mgonjwa akiwa bado kwenye usingizi wa nusu kaputi, ili mtaalamu aangalie kwa hadubini kama ukingo wake wa juu umesalimika. Usiposalimika, daktari hukata zaidi, na pengine hulazimika kutoa kizazi chote. Hayo mgonjwa huelezwa mapema na kuyatia saini, kwa hiyo analazwa kitandani bila kuwa na hakika ataamka na nini.

Mambo yakienda vizuri, uzi usioyeyuka huzungushwa na kukazwa kwenye sehemu iliyobaki ili mimba isije ikachoropoka, kisha uke hushonwa kwenye mfuko wa uzazi. Uzi huo haufunguliwi, na ndiyo maana watoto wa akina mama hawa huzaliwa kwa upasuaji.

Sharti kubwa ni udogo wa uvimbe: usizidi sentimita mbili. Kwa saratani changa kabisa, ile isiyoonekana ila kwa hadubini, mara nyingi inatosha kukata kipande chenye umbo la pia na kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Matokeo yakoje? Mjini Quebec, Kanada, timu ya daktari Marie Plante ilichapisha mwaka 2011 taarifa za wanawake 125. Saratani iliwarudia sita, na wawili walifariki. Wanawake 58 walishika mimba, jumla yake 106, na kati ya hizo 77 zilifika miezi mitatu ya mwisho. Nyingi ya hizo 77 zilitimiza muda wake, lakini hatari ya kujifungua mtoto njiti ni kubwa kuliko kawaida, na anayeambiwa vinginevyo anadanganywa. Wengine pia hupata shida ya kushika mimba kwa sababu mlango umekuwa mwembamba au umeziba.

Afrika Mashariki tatizo linaanzia mbali zaidi ya chumba cha upasuaji. Nchini Tanzania hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake, na wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umeshapanda hatua. Hapo mionzi ndiyo huokoa maisha, na mionzi hiyo huumiza mayai na mfuko wa uzazi. Kwa hiyo swali la watoto huulizwa kabla tiba haijaanza, hata kama mgonjwa anaona haya kulitaja mbele ya mume au wakwe.

Kipimo kinachoweza kubadili hali hii ni cha bei ndogo. Muuguzi hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha huangalia kwa taa. Pakigeuka peupe, huenda pana chembe zenye kasoro. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao hatari yao ni takriban mara sita. Hata hivyo, anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa hasubiri kufikisha umri huo. Anakwenda hospitali mara moja.

Doa jeupe ambalo halijawa saratani huweza kuunguzwa kwa kifaa cha joto siku hiyohiyo, kliniki hapohapo, na mwanamke akarudi nyumbani kwa miguu yake.