Maua ya sebuleni hufa kwa maji, si kwa kiu

Ukienda kwa wauza maua wa kando ya barabara, swali la kwanza linalokutoka mdomoni baada ya bei ni hili: "Hili namwagilia mara ngapi kwa wiki?" Muuzaji naye lazima akujibu, maana mteja hawezi kuondoka bila jibu. Mara mbili. Mara tatu. Kidogo kila asubuhi. Unalibeba ua lako mpaka sebuleni, unalipangia kona nzuri pembeni ya televisheni, na unafuata masharti yote. Baada ya wiki chache majani ya chini yanageuka njano, shina linalainika, na nyumba nzima inaanza kutafuta nani alisahau kumwagilia.

Mara nyingi hakuna aliyesahau. Tatizo ni lile swali. Hakuna mtu anayeweza kukuambia ua linywe mara ngapi kwa wiki bila kujua litakaa wapi ndani ya nyumba, kwa sababu mwanga ndio unaopanga maji. Ukishika hilo moja, mengine yote (kuchagua, kumwagilia, udongo, chungu) yanaeleweka kirahisi.

Jicho lako linakudanganya

Mwanga unaofika mahali hupimwa kwa luksi. Nje, jua la saa sita mchana bila wingu hufikia luksi 100,000 hivi. Ukiingia sebuleni na kusimama mita mbili kutoka dirishani, mara nyingi utakuta mia chache tu. Nyuma ya kochi, kwenye ile kona ambayo kila mtu anaona "inafaa kuwekwa ua", zinaweza kubaki luksi 50 hadi 100.

Mbona basi sisi hatuoni tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu jicho hujirekebisha. Penye giza mboni hupanuka na ubongo unasawazisha mambo, hivyo unaona chumba kina mwanga wa kutosha kusoma gazeti. Mmea hauna uwezo huo. Kwake mwanga ni chakula: ndio unaoendesha usanisinuru, yaani kazi ya kuunganisha maji na kaboni dioksidi kutengeneza sukari. Fikiria mtu aliyezoea kipato cha shilingi laki moja kwa siku, halafu ghafla anaanza kupewa mia moja. Hivyo ndivyo linavyojikuta ua lililotolewa juani na kuwekwa kwenye kona.

Sebule zetu zina mambo yake pia. Paa hutokeza mbele ili kuzuia jua na mvua, kuna veranda, kuna wavu wa mbu, kuna nondo, halafu pazia zito. Kila kimoja kinakata sehemu ya mwanga. Na kuwa makini na ushauri wa vitabu na video za Ulaya zinazosema "weka kwenye dirisha la kusini". Kule jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua la mchana liko upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba liko upande wa kusini, tena juu sana. Madirisha yanayopata jua la uhakika kwetu ni ya mashariki, ambayo hupata la asubuhi, na ya magharibi, ambayo hupata lile kali la alasiri.

Kupima, huhitaji kifaa. Saa sita mchana zima taa, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka ua, kisha nyoosha mkono sentimita 30 hivi juu yake. Ukiona kivuli chenye kingo kali, mwanga ni mwingi. Ukiona kivuli hafifu lakini bado vidole vinatambulika, mwanga ni wa kati. Ukiona ukungu tu usio na umbo, mwanga ni mdogo. Na usipoona kitu kabisa, hapo hapafai mmea wowote kuishi.

Maji huenda wapi?

Sasa tuunganishe na maji. Ili mmea upate kaboni dioksidi, lazima ufungue vitundu vidogo vilivyo kwenye majani, vinavyoitwa stomata. Vikifunguka, mvuke wa maji unatoka. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayovutwa na mizizi hupotea kwa njia hiyo. Kinachobaki mwilini mwa mmea ni kidogo sana.

Maana yake ni nini? Penye mwanga mwingi, joto na upepo, stomata zinafanya kazi, na ua linakunywa kweli kweli. Kwenye kona yenye kiza, usanisinuru unapungua, stomata nyingi zinajifunga, hewa imetulia, na ua halinywi karibu chochote. Ratiba yako ya "mara tatu kwa wiki" haijui hayo. Inaendelea kumimina maji kwenye chungu ambacho hayatoki.

Na mizizi inapumua. Ni viumbe hai, inahitaji oksijeni ili ivune nguvu kutoka kwenye sukari, kama wewe. Katika udongo mzuri oksijeni hupita kwenye matundu madogo yenye hewa. Matundu hayo yakijaa maji, oksijeni inasafiri polepole mno, karibu mara 10,000 chini ya mwendo wake hewani. Mizizi inakosa pumzi, inakufa, na vimelea vya kuoza vinaingia.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mizizi iliyooza haiwezi kuvuta maji, kwa hiyo majani yananyauka hali mizizi imelala ndani ya maji. Wewe unaona majani yamelegea, unasema "maskini, lina kiu," unaongeza kikombe kingine. Ndio unalimalizia.

Kwa hiyo kabla ya kumwagilia, uliza udongo, usiulize kalenda. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Kama bado kuna ubichi, acha. Au nyanyua chungu: kikiwa kikavu ni chepesi, na baada ya wiki mbili mkono wako utakuwa umeshajua. Udongo ukikauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha kabisa hadi ukauke tena. Majani yakinyauka na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Yakinyauka na udongo umeloa, tena unanuka, ni mizizi. Likiwa na kuoza, litoe kwenye chungu, kata mizizi yote myeusi iliyolainika na ulipande kwenye udongo mpya.

Chungu, na hadithi ya kokoto

Chungu bila tundu chini ni kaburi tu, hata kiwe kizuri namna gani. Ukikipenda sana, tumia kama pambo: weka ndani yake kopo lenye matundu, na ulitoe kila unapomwagilia.

Wengi huweka kokoto chini ili "maji yapite". Jaribu kitu hiki jikoni. Lowesha sponji ya kuoshea vyombo, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa upande wake mrefu. Itadondosha tena! Udongo nao hushika maji hivyo hivyo: chini ya chungu daima hubaki tabaka lililoloa ambalo haliteremki. Ukiweka kokoto, maji hayarukii kwenye kokoto. Lile tabaka linasimama juu yake tu, karibu zaidi na mizizi. Afadhali ujaze udongo mpaka chini, na uchague chungu kirefu kuliko sahani pana.

Udongo mtupu wa uani, hasa wenye mfinyanzi, hushikana ukiwa ndani ya chungu. Changanya na mchanga mnene na makumbi ya nazi yaliyosagwa, au pumba za mpunga zilizounguzwa, ili hewa ipate njia.

Basi uchague lipi?

Chagua kulingana na kivuli cha mkono wako, si kulingana na picha. Ukifika kwa muuzaji, angalia pia ua lilikuwa wapi: juani, au chini ya neti? Lililokulia juani litapukutisha majani ukiliingiza ndani ghafla. Lianzie veranda kwa wiki mbili.

Penye kivuli chenye kingo kali: mshubiri na krotoni zitafurahi. Krotoni ukiiweka gizani hupoteza rangi zake na kubaki kijani tupu.

Penye kivuli hafifu: mani planti, lile linalotambaa lenye majani ya umbo la moyo, linafaa sana. Vilevile urujuani wa Usambara. Wengi hawajui kwamba ua hili linalouzwa madukani duniani kote asili yake ni misitu ya milimani ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Porini huota kwenye miamba chini ya kivuli cha miti, ndiyo maana jua kali linaliunguza. Dirisha la mashariki linalitosha. Mwagilia udongo, usiloweshe majani. Maji ya baridi huyaachia mabaka.

Penye ukungu tu: kuna Zamioculcas, wengi huiita ZZ, yenye majani mazito yanayong'aa. Nayo ni mwenyeji wa huku, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Chini ya udongo ina viazi vinavyotunza maji. Kuna pia sansevieria yenye majani magumu yaliyosimama kama mapanga, inayofungua stomata usiku ili isipoteze maji mchana. Lakini elewa: hizi zinavumilia giza, hazilipendi. Maji mara moja kwa wiki mbili au tatu yanazitosha, pengine na zaidi.

Na kama kona yako haina kivuli kabisa lakini unataka ua pale pale? Nunua mawili, uyape zamu: moja wiki hii sebuleni, jingine verandani.

Kila baada ya wiki futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji matupu, maana vumbi nalo linakula mwanga. Usipake mafuta ili yang'ae; yanaziba stomata na kunasa vumbi zaidi. Kisha geuza chungu robo mzunguko, kwa sababu shina huinama kuelekea dirishani.

Mbu, mtoto na hewa

Kisahani cha chini ya chungu ndicho cha kuangaliwa zaidi. Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengue na anayeuma mchana, huzaliana kwenye maji machache yaliyotulia ndani na kandokando ya nyumba. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa wiki moja na siku kidogo. Kumwaga maji peke yake hakutoshi: mayai hunata ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi. Mwaga, kisha sugua kisahani kwa brashi, kila wiki. Vazi la maua nalo vivyo hivyo.

Kama una mtoto anayetambaa, fahamu kwamba mani planti, ZZ na difenbachia ni ndugu wa magimbi. Unajua gimbi bichi linavyowasha mikono ukilimenya? Ni fuwele za kalsiamu oksaleti, zenye ncha kama sindano, na maua haya nayo anazo. Mtoto akitafuna jani atapata maumivu na uvimbe mdomoni. Msuuze, mpe maji ya baridi, na uvimbe ukizidi au akipumua kwa shida, hospitali mara moja. Yaweke juu asikofika.

Mwisho, ile habari ya kusafisha hewa. Ilitokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa kwenye visanduku vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring walipiga hesabu upya kwa majengo ya kawaida: ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe. Hivyo kwa hewa safi, fungua dirisha. Wala usiogope kulala na ua chumbani. Oksijeni linayotumia usiku ni kidogo mno ukilinganisha na ya mtu mmoja aliyelala pembeni yako.

Jumamosi hii, kabla hujaenda kununua, chukua ile karatasi nyeupe uzunguke nayo sebuleni saa sita mchana. Itakuambia mengi kuliko muuzaji.