Emil Jones: Mkaguzi wa mitaro aliyemfungulia Obama mlango

WAKATI Rais Mwai Kibaki alipotangaza Novemba 6, 2008 kuwa siku ya mapumziko, Wakenya, hasa wa Nyang'oma Kogelo, walisherehekea ushindi wa Barack Obama kana kwamba ni wao waliopiga kura. Ni wachache mno waliolijua jina la Emil Jones. Hata hivyo, lau si mzee huyo wa Chicago, huenda safari ya mwana wa Mkenya ingekomea katika mji wa Springfield, ambako mabunge ya jimbo la Illinois hukutana.

Inafaa msomaji atofautishe mambo mawili hapa. Marekani ina Seneti ya taifa iliyoko Washington, lakini kila jimbo lina bunge lake pia. Illinois ina Bunge la Wawakilishi lenye wanachama 118 na Seneti yenye maseneta 59. Kiongozi wa Seneti hiyo huitwa Rais wa Seneti, naye huchaguliwa na maseneta wenyewe. Uwezo wake si wa kuita wasemaji tu. Kupitia kamati ya kanuni, ndiye huamua ni mswada upi utakaofika ukumbini na upi utakaooza kabatini. Hugawa uenyekiti wa kamati, na wakati wa uchaguzi huwachangishia fedha wenzake wa chama. Seneta anayekosana naye hubaki kuwa mtazamaji.

Jones alizaliwa Chicago mwaka wa 1935. Kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mkaguzi wa mitaro ya majitaka katika serikali ya jiji hilo, kazi ambayo wapinzani wake hawakukoma kumkumbusha. Alichaguliwa katika Bunge la Wawakilishi mwaka wa 1972, akahamia Seneti miaka kumi baadaye, na kuanzia 1993 akawa kinara wa maseneta wa Democratic, ambao wakati huo walikuwa wachache. Hakuwa msemaji mwenye ulimi wa asali. Sauti yake ilikwaruza, na sigara haikuwa mbali na vidole vyake. Mwaka wa 1995 alijaribu kuingia Bunge la Congress akabwagwa na Jesse Jackson Mdogo, mwana wa mhubiri mashuhuri.

Obama alikutana naye katika miaka ya themanini, alipokuwa kijana aliyewaunganisha wakazi maskini wa kusini mwa Chicago ili wadai haki zao. Alipoingia Seneti ya Illinois Januari 1997, chama chao kilikuwa upande wa upinzani, na miswada ya wapinzani haikwenda mbali. Mwaka wa 2000 naye akajaribu Congress, akashindwa vibaya na Bobby Rush.

Mambo yalibadilishwa na kofia. Mwaka wa 2001 vyama vilishindwa kuafikiana kuhusu mipaka mipya ya maeneo ya uwakilishi, na sheria ya Illinois inasema mkwamo wa aina hiyo utatuliwe kwa kura ya bahati nasibu. Jina lilichomolewa ndani ya mfano wa kofia ndefu ya Abraham Lincoln, nalo likawa la Democratic. Wakachora mipaka, wakashinda Novemba 2002, na Januari 2003 Jones akawa Rais wa Seneti.

Kisa kinachosimuliwa sana, na ambacho Jones mwenyewe alikikariri mara nyingi, ni kwamba Obama alimwendea akamwambia kuwa sasa ana uwezo wa kumfanya mtu awe seneta wa taifa. Mzee akamuuliza ni nani huyo anayemfikiria. Kijana akajibu kwamba ni yeye.

Tangu hapo Obama alikabidhiwa miswada mizito. Mmoja ulitaka polisi wanase kwa video mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Haukuwa mzaha, kwani kufikia mwaka wa 2000 watu 13 waliohukumiwa kifo Illinois walikuwa wamebainika kutokuwa na hatia. Polisi waliupinga mwanzoni, lakini ukapita na kuwa sheria mwaka wa 2003. Baadhi ya maseneta walinung'unika kwamba walikuwa wamelima miaka mingi, kisha mgeni akapewa mavuno. Malalamiko yao yalikuwa na msingi, ila hayakumbadilisha Jones. Machi 2004 Obama alishinda mchujo kwa zaidi ya nusu ya kura, akimwangusha Dan Hynes, ambaye baba yake pia aliwahi kuwa Rais wa Seneti hiyo.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na siasa za Illinois zilifuata msemo huo kwa uaminifu mkubwa. Mwaka wa 2008 mabunge yalipitisha mswada wa kuzuia wenye zabuni kubwa za serikali kumchangia kiongozi anayezitoa. Gavana Rod Blagojevich, mshirika wa Jones, aliuvuruga kwa kuurudisha na mabadiliko yake. Bunge la Wawakilishi lilimpinga, lakini Jones akasema Seneti haitarejea hadi Novemba, hatua ambayo ingeweza kuuzika mswada. Obama, aliyekuwa akiwania urais kwa ahadi ya siasa safi, alimpigia simu mlezi wake. Septemba Jones aliwaita maseneta, nao wakamshinda gavana kwa kura 55 bila kupingwa.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko yalivyotarajiwa. Sheria ilipangwa kuanza Januari 1, 2009, na kwa mujibu wa waendesha mashtaka, Blagojevich alianza kuchangisha fedha kwa pupa kabla ya tarehe hiyo huku simu zake zikisikilizwa. Alikamatwa Desemba 9, 2008, akishukiwa pia kutaka kukiuza kiti alichokiacha Obama.

Jones alikuwa ametangaza Agosti kwamba anastaafu. Kwa kuwa mchujo ulikuwa umekwisha, viongozi wa chama wa eneo lake ndio waliomteua mgombea, wakamchagua mwanawe, jambo lililozua kelele ambazo msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa. Alimwachia John Cullerton uongozi Januari 2009. Tarehe 29 mwezi huohuo, siku tisa baada ya Obama kuapishwa, Seneti ilimwondoa Blagojevich kwa kura 59 kwa sifuri, mojawapo ikiwa ya Emil Jones wa Tatu.